Fedha za Moshi

Hamilton, Ontario
3 Agosti 2025

Baba Mdogo, shikamoo.

Sisi huku hatujambo, watoto wanakua na mama yao anakusalimu sana. Juzi kwenye simu uliniuliza kama ni kweli serikali ya Kanada ilikuwa inawalipa watu fedha za moshi, simu ikakatika kabla sijakujibu. Nimeona nikuandikie, maana jambo lenyewe si la dakika tano.

Ni kweli, ila fedha zenyewe zilitoka mifukoni mwetu. Kuanzia Aprili 2019 serikali kuu iliweka tozo kwenye mafuta ya magari na gesi ya kupashia nyumba joto, hapa Ontario na kwenye majimbo mengine yasiyokuwa na utaratibu wake. Ilianza na dola 20 kwa tani ya hewa ukaa, yaani gesi iliyomo kwenye moshi wa mafuta yanayochomwa, ikawa inapanda, Aprili 2024 ikafika dola 80. Kwa mwenye gari, hizo zilikuwa senti 17.61 kwenye kila lita ya petroli. Kisha asilimia 90 hivi ya makusanyo ikarudishwa kwa wananchi.

Marejesho hayo hayakuuliza mshahara wa mtu, yaliangalia idadi ya watu nyumbani. Familia ya watu wanne hapa Ontario ilipata dola 280 kila miezi mitatu, iwe ya daktari bingwa au yangu mimi ninayepakia mizigo ghalani.

Machi mwaka huu mimi na mke wangu tulikaa mezani, bili za gesi za miezi mitatu ya baridi tumezitandaza. Tozo ilikuwa na mstari wake peke yake kwenye kila bili, usingeweza kuikosa. Tulikuwa tumetumia gesi mita za ujazo 750, kwa senti 15.25 kila moja, ikaja dola 114. Petroli tulijaza kama lita 360, tozo yake dola 63. Halafu kodi ya mauzo ya asilimia 13 ilitozwa juu ya tozo yenyewe, jambo ambalo mpaka leo naliona si haki. Jumla dola 201. Tulikuwa tumepokea 280. Zilizobaki si zote faida, kwa sababu lori linaloleta chakula dukani nalo linatiwa mafuta, lakini hata ukitoa hilo tulikuwa tumepata kitu. Na huo ndio uliokuwa msimu mbaya kuliko yote. Kiangazi nyumba haikupashwa joto, na marejesho yalikuwa yaleyale.

Sasa mchukue mwenye jumba kubwa na magari matatu, achome mara tatu ya tunavyochoma sisi. Atalipa dola 603, atarudishiwa 280. Amelipa zaidi, na wala hasikii. Ndiyo maana naichukia tozo ya namna hii inapokuja peke yake: dola 201 zetu zinauma kuliko 603 zake. Ikirudishwa bila kuangalia mshahara, mambo yanageuka, aliyechoma kidogo anabaki na chenji. Uswisi nao hurudisha sehemu kubwa ya tozo yao kwa kiwango sawa kwa kila mtu, kupitia bima ya afya.

Lakini nisikufiche. Kuna ndugu yetu mmoja tuliyefika naye mwaka mmoja, anaishi peke yake kijijini, kwenye nyumba kuukuu ambayo upepo unapita madirishani. Kipato chake kiko chini ya changu. Kazini ni mbali na basi hakuna, anachoma lita 300 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu tozo ya petroli tu ilimla dola 158. Marejesho ya mtu mmoja yalikuwa dola 140, na kwa kuwa yuko nje ya mji aliongezewa asilimia 20, zikawa 168. Bado hajapasha nyumba joto. Dirisha si lake abadilishe, gari jipya haliwezi. Wakisema wenye kipato kidogo wamenufaika kwa wastani wanasema kweli, na yeye hayumo. Nilitamani sana watu wa namna yake waongezewe zaidi kabla ya kitu kingine chochote.

Kulikuwa na wengine waliokosa kabisa kwa sababu hawakujaza fomu ya kodi ya mapato. Bila fomu hakuna marejesho, na wasiojaza wengi ndio walewale wenye shida.

Basi mabishano yakawa makubwa. Ofisi ya Bunge inayokagua bajeti ilisema kaya nyingi zinapokea kuliko zinavyolipa, ila ukiingiza athari za kiuchumi picha inabadilika. Aprili 2024 ikakiri kwamba hesabu hiyo ya pili ilikuwa imechanganya na tozo ya viwanda vikubwa. Marekebisho hayo watu wachache waliyasikia. Petroli unaiona bei yake barabarani kila siku, bali fedha zilizorudi ziliingia kimya. Kwenye taarifa yangu ya benki kwa muda mrefu ziliandikwa kama amana ya serikali tu, hata mimi mwanzoni nilidhani ni za watoto.

Waziri Mkuu mpya, Mark Carney, aliifuta tozo siku aliyoapishwa, 14 Machi 2025, na kuanzia 1 Aprili ikawa sifuri. Bei ya petroli ilishuka palepale, watu wakafurahi. Ndugu yetu wa kijijini alinipigia simu akicheka, nikafurahi naye kwa dhati. Malipo ya mwisho yaliingia Aprili 22.

Tarehe 15 Julai, siku ambayo marejesho yangeingia, mke wangu alifungua simu kuangalia akaunti, kwa mazoea. Akaifunga, akaniambia viatu vya theluji vya mtoto tuanze kuvidunduliza sasa hivi.

Msalimie Mama Mdogo na wote hapo nyumbani.

Ni mimi mwanao.