Barua kwa mdogo wangu anayeanza sayansi ya jamii

Mdogo wangu,

Salaam. Nasikia umepangiwa sayansi ya jamii, na ukoo mzima umeshaanza kukuuliza hiyo kozi inatoa kazi gani. Waache kwanza. Nakuandikia mapema, kabla desa, yaani notisi za kukariri, za waliokutangulia hazijakufikia.

Mwaka wa kwanza watakupitisha mbio: sosholojia kidogo, saikolojia kidogo, uchumi, siasa, takwimu. Wengi wanakariri nadharia tatu nne, wanakwepa sapu (mtihani wa marudio), maisha yanaendelea. Mwaka wa tatu wakiambiwa wafanye utafiti ndipo wanapokwama, kwa sababu hawajawahi kujiuliza namba inatoka wapi. Wewe kila ukisoma matokeo ya utafiti, tafuta mambo matatu: nani aliulizwa, nani hakuulizwa, na nani aliandika jibu.

Chukua Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, maana hutamkwepa. Mwaka 1897 alitoa kitabu kuhusu kujiua. Alilinganisha viwango vya maeneo na makundi mbalimbali, akaonyesha kwamba hata tendo la siri kama hilo lina mkono wa jamii ndani yake: kwa takwimu zake, Waprotestanti walikuwa juu kuliko Wakatoliki. Ukiandika hivyo kwenye mtihani utapata maksi. Lakini zile kumbukumbu za vifo aliandika nani? Pale ambapo kujiua ni aibu kwa familia na kwa kanisa, kifo kinaweza kuandikwa kuwa ajali. Wakosoaji wake wamemshikia hapo kwa muda mrefu. Liseme hilo kwenye semina uone mwalimu anavyoinua kichwa.

Wingi wa watu nao usikutishe. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni takriban milioni 10 na kurudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atamshinda Rais Roosevelt kwenye uchaguzi wa urais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na magari, wakati uchumi umeanguka na maskini wengi hawana hivyo vitu. Na wale waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza.

Kosa hilohilo utalikuta kwenye ripoti za wanafunzi hapa Dar, limevaa suti ya fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, yaani watu wangapi wa kuwahoji. Unachukua idadi ya kundi lote, unaigawa kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa unaloliruhusu. Soko lina wafanyabiashara 400, kosa ni 0.05: 400 mara 0.0025 ni 1, ongeza 1 unapata 2, 400 gawa kwa 2 ni 200. Hesabu safi kabisa. Kisha mtu anaingia sokoni, anajaza madodoso 200 kwa wale waliokubali kuongea naye, anaandika kwamba sampuli ilichaguliwa kwa nasibu. Si kweli. Fomula inachukulia kwamba kila mmoja wa wale 400 alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Ukiwaokota wacheshi tu, hata 300 hawatakuokoa.

Fanya hivi. Nenda na barua ya chuo kwa mtendaji wa kata na wa mtaa, kisha kwa uongozi wa soko, uombe orodha ya vizimba. Kama haipo, tembea mwenyewe uhesabu na kuvipa namba. Ukihitaji 40 kati ya 400, bahatisha namba moja kati ya 1 na 10. Ikitoka 7, nenda 7, 17, 27, mpaka 397. (Angalia tu kila cha kumi kisije kikawa cha kona, kwenye wateja wengi.) Ukikuta kimefungwa, rudi siku nyingine, saa nyingine. Usiruke kwa jirani: huenda aliyefunga ndiye biashara imemshinda, na ndiye hasa uliyekuwa unamhitaji. Vituo vya daladala ni vilevile. Ukifika Mbezi saa nne asubuhi, waliodamka saa kumi na moja wameshafika kazini.

Sasa maswali, na hapa ndipo pagumu. Umemkuta mama lishe unamuuliza, "Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Atakutajia namba yoyote, basi tu umuondokee. Yeye anahesabu kwa siku, hela ya biashara inachanganyika na ada ya mtoto na mchango wa kikoba, na hajui kama hujatumwa na watu wa ushuru. Muulize kuhusu jana. Ulipika mchele kilo ngapi? Zilitoka sahani ngapi, kila moja bei gani? Zilibaki ngapi, na zilizobaki zilikwenda wapi? Mkaa, mafuta, maharage, maji? Hesabu ya faida utaifanya wewe nyumbani. Uliza pia kama jana ilikuwa siku ya kawaida, maana mwisho wa mwezi si sawa na tarehe 20. Na usimwendee saa saba mchana watu wamejaa kwenye mabenchi. Saa tisa, akiosha vyombo, atakusikiliza.

Epuka swali lenye maswali mawili ndani: "Unaridhika na usafi na ulinzi wa soko?" Akijibu ndiyo, ni ndiyo ya kipi? Epuka pia linalomwekea jibu mdomoni: "Huoni kwamba ushuru ni mkubwa?"

Kwenye uchambuzi, wastani utakudanganya. Tuseme watano wamepata faida ya 8,000, 9,000, 10,000, 12,000 na 61,000. Wastani ni 20,000, na wanne kati yao hawaufikii hata kwa mbali. Taja na ile ya katikati, 10,000. Halafu usione vitu viwili vinapanda pamoja ukasema kimoja kinasababisha kingine: miamvuli inanunuliwa na foleni ya Jangwani inakua siku moja kwa sababu mvua imenyesha.

Ridhaa ni lazima, na si saini tu. Mwambie mtu anaweza kukataa au kuacha katikati, na usiandike jina lake kwenye dodoso, tumia namba. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kuelezwa ukweli, na hata penisilini ilipopatikana hawakutibiwa nayo. Fomu za ridhaa unazoziona kero zina historia hiyo nyuma yake.

Dodoso lako la kwanza lisizidi maswali 20. Lijaribu kwa watu watano ambao hawamo kwenye sampuli, wakisitasita mahali weka alama, kisha nitumie WhatsApp kabla hujalipeleka steshenari kutoa kopi.

Kaka yako