Risala ya mafundi ujenzi na wauza vifaa wa Gungu, Kigoma, kwa mgeni rasmi siku ya kufungua stoo yetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwenyekiti wa mtaa, viongozi wa dini, mafundi, saidia fundi, mama zetu wa kokoto, madereva wa fuso na wa maguta, itifaki imezingatiwa. Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Tunashukuru sana umekuja, maana barua yetu tuliileta wiki iliyopita tu na tunajua ratiba yako ilivyo. Hii stoo unayoiona hapa nyuma ni ndogo, lakini kwetu ni kubwa kwa sababu ya yaliyotufikisha hapa, na ndo tunayotaka kukuambia leo.

Mwaka juzi tulikuwa na kazi ya nyumba ya vyumba vinne kule njia ya Mwandiga. Mwenye nyumba ni mstaafu, hela ya kiinua mgongo ilikuwa imeingia, akasikia simenti itapanda bei, akanunua mifuko 120 siku moja akaipanga chini kwenye udongo ndani ya kibanda kinachovuja, wakati hata msingi hatujamaliza kuchimba. Nondo zikachelewa wiki tatu, mvua ikashika. Tulipokuja kufungua, mifuko ya chini ukiibonyeza kwenye kona na kidole gumba haibonyei kabisa, ukiigonga na mwiko inalia kama jiwe. Tukahesabu 31. Kuna aliyesema tuiponde tuchekeche tupigie ripu, tukakataa, maana simenti iliyoganda nguvu yake imeshaondoka na nyumba ni ya mtu kuishi. Yule mzee alikaa juu ya tofali hakusema neno lolote, na kwa kweli kuanzia siku ile sisi wenyewe hatukulala vizuri.

Zamani tukiona hela imepotea saiti tunawaza wizi. Ile siku hakuna aliyeiba hata msumari. Tukaanza kuangalia saiti zetu zote kwa jicho hilo, tukakuta tripu ya kokoto imemwagwa palepale panapotakiwa kuchimbwa shimo la choo, vijana wanne wakatumia nusu siku kuihamisha kwa karai na wanalipwa vilevile, kwingine mafundi wamekaa chini ya mwembe tangu saa mbili wanasubiri mchanga, kwingine mbao zimeletwa za vipimo tofauti zinarudishwa. Bei ya simenti dukani wote tunaijua kwa shilingi, ila gharama ya kusubiri hakuna aliyekuwa anaiandika popote.

Mwenzetu mmoja aliyesoma chuo ndo akatuletea habari za Toyota. Baada ya vita kuu ya pili Japani hawakuwa na hela ya kurundika vitu kiwandani, fundi wao mkuu aitwaye Taiichi Ohno akajenga utaratibu kwamba kitu kinaletwa pale tu kinapohitajika na kwa kiasi kinachohitajika, wazo akilipata kwenye supamaketi za Marekani ambako mteja akichukua ndo rafu inajazwa. Upotevu wote kwa Kijapani wanauita muda. Sisi tulishtuka kweli, maana neno hilohilo kwetu ni wakati, na wakati ndo tulikuwa tunaupoteza kuliko vyote! Mwaka 1992 Mfini mmoja, Lauri Koskela, akiwa chuo cha Stanford akaandika namna ya kuyaleta haya kwenye ujenzi, na wenzake Glenn Ballard na Greg Howell walipopima saiti wakakuta kazi zinazopangwa kwa wiki zinazokamilika kweli ni karibu nusu tu. Sasa kama ahadi za fundi zinatimia nusu, muuza kokoto ataleta mzigo siku gani? Lazima ataleta siku anayotaka yeye.

Lakini Mheshimiwa, tusingependa uone kama tumeiga tu. Nenda ufukwe wa Kibirizi alfajiri, mama anayenunua dagaa anaangalia kwanza eneo lake la kuanika na anaangalia mawingu, hanunui zaidi ya anachoweza kuanika siku hiyo hata kama bei imeshuka, maana zitaoza. Elimu ipo hapahapa ufukweni, sisi wa ujenzi ndo tulikuwa hatuitumii kwa sababu simenti ikioza hainuki.

Kuna jambo moja tulibishana sana. Toyota wauzaji wanaoiletea vifaa wengi wako karibu na kiwanda. Sisi simenti nyingi inatoka mbali, reli yenyewe ilifika hapa Kigoma mwaka 1914 na ni zaidi ya kilomita 1,200 toka Dar, mvua ikiharibu njia mzigo unakwama. Ukisema kila saiti isiwe na akiba utawaua mafundi njaa. Baada ya kubishana tukaona akiba lazima iwepo ila isikae kwa kila mwenye nyumba kwenye kibanda kinachovuja, ikae sehemu moja, kavu, juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, iliyoingia kwanza itoke kwanza. Ndo hii stoo. Jioni kabla ya saa kumi na moja fundi anatuma oda ya kesho kwa wotsapu, asubuhi guta linapeleka mifuko ya siku hiyo tu.

Ukiingia utaona kwenye rundo la simenti, mfuko wa 20 kuhesabu kutoka chini umefungwa kadi kwa kamba ya manila. Tumeikata kwenye boksi la sabuni, imeandikwa AGIZA kwa maka nyekundu. Mtunza stoo akifika kwenye ule mfuko anaikata kadi anaipeleka kwa muuzaji, na ile 20 iliyobaki inatubeba mpaka lori lifike. Kila Jumatatu tunakaa, fundi mwenyewe anasema atamaliza nini wiki hii, hasemewi na bosi, Jumamosi tunahesabu ahadi zilizotimia na zilizokwama tunauliza kwa nini. Wiki za kwanza zilikuwa aibu tupu, sasa hivi zinaenda, na mama wa kokoto anajua Jumatano apeleke wapi na amwage upande gani.

Maombi yetu. La kwanza, malipo. Mama anayeponda kokoto kwa nyundo hana mtaji wa kusubiri miezi, tulishawahi kufanya mradi mmoja malipo yakachelewa mpaka mama watatu wa kokoto wakaacha kazi, na mnyororo wote ukakatikia pale chini kabisa. Tunaomba utusemee wauzaji wadogo walipwe ndani ya siku chache mzigo ukishapokelewa. La pili, miradi ya madarasa na zahanati oda ziruhusu mzigo kuletwa kidogokidogo kwa wiki kulingana na kazi, sio yote siku moja ili tu karatasi zifungwe. Na kama itawezekana, greda lipite hii barabara ya stoo kabla ya mvua.

Sasa Mheshimiwa, rundo la ndani limefika kwenye mfuko wenye kadi leo asubuhi na tumeiacha makusudi haijakatwa. Mkasi upo mezani, tunaomba uikate wewe umkabidhi muuzaji wetu, amekaa pale mstari wa pili.

Naomba kuwasilisha.