Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: kipande cha sikio kisitupwe

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUHIFADHI SELI HAI ZA WANYAMA WETU WALIO HATARINI KUTOWEKA

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Chanika, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam. Mimi ni mhimilishaji mstaafu. Kwa miaka ishirini na sita nilizunguka na pikipiki kwa wafugaji wa Pugu, Kisarawe, Gongo la Mboto na Mbagala, mtungi wa naitrojeni umefungwa kwa mpira nyuma ya siti, nikiwapandishia ng'ombe wao kwa mbegu zilizogandishwa bila dume, njia ambayo wengi bado wanaiita chupa. Wanyamapori sikuwasomea, wala sijawahi kuajiriwa na wizara yako. Lakini ninalotaka kukuomba limo ndani ya mtungi ule, na mtungi naujua.

Ombi lenyewe ni fupi. Kila faru anayekatwa alama ya utambulisho sikioni, kila mbwa mwitu anayelazwa kwa dawa ili afungwe kola ya redio, kila kipunji (nyani adimu wa milimani) au minde (paa wa msituni) anayekutwa amekufa na mwili haujaharibika, achukuliwe kipande cha ngozi, na seli zake zigandishwe zikiwa hai, hapa hapa nchini.

Nianze na ninachokijua. Kila mtu Dar amewahi kusahau chupa ya soda kwenye friza akaikuta imepasuka. Maji yakiganda hutanuka na kufanya vipande vyenye ncha. Seli nayo ni kifuko cha maji, ukiigandisha ovyo inatoboka na kufa. Mwaka 1949 watafiti wa Uingereza, akiwemo Christopher Polge, waligundua kwamba ukichanganya mbegu za jogoo na gliseroli kabla ya kuzigandisha, zinaamka zikiwa hai. Kazi yangu yote ya kunilishia watoto ilitokana na ugunduzi huo. Mbegu hutiwa kwenye mirija myembamba, mirija huzamishwa ndani ya naitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na hapo uhai unasimama. Hauzeeki wala hauozi, unasubiri tu.

Siku moja mzee wa Pugu Kajiungeni, ng'ombe wake akiwa amezaa mtamba mzuri mwenye baka jeupe usoni, aliniuliza dume la mbegu zile liko wapi, alitaka kulifahamu. Nikamwambia lilikufa miaka mingi iliyopita. Akamtazama ndama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe marehemu amezaa." Sikupata neno la kuongeza, na hadi leo sijalipata.

Mheshimiwa, nchi hii inafanya kazi hiyo kila siku kwa ng'ombe. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kiko Usa River, Arusha. Madume yapo, mitungi ipo, vijana wanaojua kushika mrija kwa koleo bila kuuacha upate joto wapo. Kinachokosekana ni agizo la kulifanya jambo hilo hilo kwa viumbe adimu ambao Mungu ametukabidhi.

Ngozi ina hatua zaidi kuliko mbegu, lakini si uchawi. Kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kinatosha. Kinasafishwa, kinakatwakatwa, kinawekwa kwenye maji yenye virutubisho katika joto la mwili, na baada ya majuma kadhaa seli zinakuwa zimezaana na kujaza chombo. Hapo ndipo zinachanganywa na dawa ya kuzuia barafu, zinapoozwa polepole na kuzamishwa. Na jambo ambalo askari wa porini anapaswa kuambiwa mapema: mnyama akishakufa, ngozi haifi naye saa ile ile. Ikiwahiwa, ikawekwa kwenye baridi ya kawaida ya friji, seli zake zinaweza kubaki hai siku kadhaa. Lakini akiitupa kwenye friza kwa nia njema, ameziua. Somo hilo linafundishika kwa asubuhi moja.

Pengine utauliza zitafaa nini. Miaka ya 1970 pale San Diego, Marekani, daktari aitwaye Kurt Benirschke alianza kugandisha seli za wanyama adimu wakati ambapo hakuna aliyejua namna ya kuzitumia. Mwaka 1988 alikufa kicheche mmoja wa Marekani mwenye miguu myeusi, jina lake Willa, na seli zake zikahifadhiwa. Vicheche wote wa aina ile walioendelea walikuwa wametokana na wazazi saba tu, na Willa hakuwemo kati ya hao saba. Desemba 2020 alizaliwa Elizabeth Ann kutokana na seli za Willa, miaka 32 baada ya kifo chake. Mwaka 2024 ndugu yake Antonia, aliyetokana na seli hizo hizo, akazaa watoto. Damu iliyokuwa imepotea ikarudi kwenye ukoo. Mfugaji yeyote aliyewahi kuona zizi la ng'ombe wa ndugu kwa ndugu, ndama dhaifu, mimba zinazotoka, anaelewa maana ya jambo hilo.

Jirani zetu Kenya nao wanatufundisha, kwa uchungu. Faru mweupe wa kaskazini dume wa mwisho, Sudan, alikufa pale Ol Pejeta tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki Najin na binti yake Fatu, na hakuna kati yao anayeweza kubeba mimba. Hata hivyo tangu 2019 mayai ya Fatu yamekuwa yakirutubishwa kwa mbegu zilizogandishwa za madume yaliyokwisha kufa, na viinitete vimehifadhiwa vikisubiri faru wa kusini wa kuvibeba. Mapema 2024 ilitangazwa kwamba kiinitete cha faru wa kusini, kilichopandikizwa ili kujaribu njia hiyo, kilishika mimba ya siku 70 kabla ya mama yake kufa kwa maambukizi ya bakteria. Kazi haijakamilika. Lakini fikiri, Mheshimiwa, kama mbegu zile zisingechukuliwa madume yakiwa hai, leo wangekuwa wanajadili nini?

Sasa nije nyumbani. Tarehe 27 Desemba 2019 alikufa Faru Fausta katika Hifadhi ya Ngorongoro, akiwa na miaka 57, na ikasemwa kwamba huenda ndiye aliyekuwa faru mzee kuliko wote duniani. Alionekana mara ya kwanza mwaka 1965, na aliyemwona ni mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hapa hapa. Alipitia miaka ambayo faru weusi wa Afrika walishuka kwa ujangili kutoka makumi ya maelfu hadi wasiofika elfu tatu. Ndani ya mwili wake mlikuwa na vinasaba vya kabla ya mauaji yale. Swali langu kwa wizara ni moja tu: kipande cha ngozi yake kiko wapi? Kama kipo hai mahali, Watanzania tuambiwe, tutafurahi. Kama hakipo, basi swali linalofuata ni nani atakayefuata kuzikwa na vinasaba vyake.

Kuhusu faru kuna jambo linalonikera zaidi ya kifo chenyewe. Faru wanapotambuliwa hukatwa alama masikioni. Kile kipande cha sikio kinachodondoka ndicho hasa ambacho maabara inakihitaji. Mnyama ameshalazwa, daktari yupo, kisu kipo, helikopta imeshalipiwa. Kubeba chupa yenye maji ya virutubisho na boksi la barafu ni gharama ndogo kuliko mafuta ya gari la kurudi kambini.

Huku kwetu mjini watu wanadhani wanyama adimu wako Serengeti tu. Dar es Salaam ina wake. Katika msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, na katika pori la Pande kule Mabwepande, anaishi komba wa Rondo, komba mdogo mwenye mkia kama brashi ya kuoshea chupa, uzito wake unakaribia yai la kuku. Hayupo popote duniani nje ya Tanzania, na hata hapa yupo katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani. Kwa miaka kadhaa alikuwa katika orodha ya nyani na jamaa zao 25 walio hatarini zaidi duniani. Kutoka nyumbani kwangu, usiku wa utulivu, ninaweza kwenda kwa pikipiki hadi ukingoni mwa msitu wake. Ninapoenda ninapishana na baiskeli zenye magunia ya mkaa. Komba wa Pande hawezi kuvuka mji kwenda kuoana na wa Pugu, maana kati yao pana sisi, mabati, barabara na taa. Kila kipande cha msitu kikifa kinaondoka na ukoo wake.

Najua wapo watakaosema hifadhi ya seli itawapa watu kisingizio cha kuacha misitu ikatwe. Hoja hiyo naiheshimu, na jibu lake liko Kihansi. Chura wa Kihansi, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, anayezaa watoto hai badala ya kutaga mayai, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye mvuke wa maporomoko, eneo la hekta mbili hivi. Bwawa la umeme lilipoanza kazi maji yalipungua kwa kiasi kikubwa, ili sisi tupate megawati 180. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani. Korongoni wakafa wote, na mwaka 2009 dunia ikatangaza kwamba porini hawapo tena. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi, wakapelekwa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye nyumba yao maalumu, na kuanzia 2012 wengine wakarudishwa Kihansi, ambako mvuke sasa unatengenezwa kwa mabomba. Wamepona kwa sababu mtu aliwahi kuwachukua, na hawawezi kupona kweli bila korongo lenye maji. Vyote viwili, Mheshimiwa. Mimi nilipanda ng'ombe kwa mbegu bora kabisa, lakini asiye na majani hakupata maziwa.

Wengine watataja umeme. Mtungi wa naitrojeni hautaki umeme. Mtungi mkubwa uliofunikwa vizuri unakaa majuma mengi hata TANESCO ikikata kila siku. Unachotaka ni mtu wa kuukagua. Hapa nikueleze kosa nililolishuhudia. Kituo kimoja nilichokuwa nachukulia mbegu kiliishiwa naitrojeni kipindi cha sikukuu, aliyepaswa kuzamisha kijiti cha kupimia hakukizamisha, na mamia ya mirija ikapata joto. Baadaye mtungi ukajazwa tena kimyakimya. Mrija uliokufa na ulio hai kwa macho ni kitu kimoja. Nikapandisha ng'ombe wa watu wiki baada ya wiki, wote wakarudi kwenye joto, yaani hawakushika mimba, na lawama nikazibeba mlangoni kwa wafugaji waliokuwa wameniamini. Ng'ombe unaweza kumpandisha tena mwezi ujao. Seli za faru aliyekufa hazina mwezi ujao.

Kwa hiyo naomba hazina iwe na nyumba mbili. Bibi yangu Uluguru alitundika magunzi ya mbegu juu ya moshi wa jiko, na mengine akampa dada yake ng'ambo ya mto. Wizara yako inayo TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, Arusha, Wizara ya Mifugo na Uvuvi inayo maabara ya veterinari Temeke, na SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, iko Morogoro. Vifaa na ujuzi vimegawanyika kati ya wizara tofauti, na kikao cha kuviunganisha hakiwezi kuitishwa na mhimilishaji wa Chanika.

Na hazina hiyo iwe yetu. Nakala zikienda nje ziende kwa mkataba, zikiwa na jina la Tanzania. Watoto wetu wanaosoma habari za mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru wanajua mifupa yake ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, na wanajua pia kwamba kumwona inabidi wapande ndege hadi Berlin.

Naomba waraka wa ukurasa mmoja uende kwa wasimamizi wa hifadhi, mapori na misitu, yaani TANAPA, TAWA, NCAA na TFS, kabla ya zoezi lijalo la kukata alama masikio ya faru. Uwataje wanyama, ueleze kipande kichukuliweje, kipelekwe wapi na kwa saa ngapi. Kama atahitajika mtu wa kuwafundisha askari namna ya kushika naitrojeni bila kuungua vidole, na namna ya kusoma theluji kwenye kijiti cha kupimia, nitakuja kwa nauli yangu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mhimilishaji mstaafu,
Chanika, Dar es Salaam.