Barua kwa mwanangu: laini inayopita bila kusimama

Mwanangu Wanjiru,

Swali lako limenifurahisha kuliko hata matokeo yako ya mtihani. Unauliza: ikiwa mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu, ulishindwa na mkondo geu, unaobadili mwelekeo tena na tena, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mbona umeme wa Ethiopia unatufikia hapa Kenya, kituo cha Suswa, kwa mkondo huo huo ulioshindwa? Unasema mhadhiri wenu alijibu kwamba upotevu wa umeme njiani ni mdogo, akaendelea na somo. Jibu ni la kweli, ila mimi niliyefundisha fizikia maisha yangu yote sitaki ulibebe likiwa nusu.

Unajua kwamba joto linalopotea kwenye nyaya hufuata kipeo cha pili cha mkondo. Ndiyo maana umeme wa kwenda mbali hupandishwa volteji, ili mkondo upungue. Transfoma, kifaa cha kupandisha na kushusha volteji, hufanya kazi hiyo bila kuwa na kitu kinachozunguka, lakini haifanyi kazi bila mkondo unaogeuka. Hapo ndipo mkondo mnyoofu ulipoachwa nyuma. Hata hivyo haukufa. Mswisi René Thury aliunganisha majenereta mfululizo ili volteji zake zijumlike, na laini yake ya kutoka Moûtiers hadi Lyon, Ufaransa, ilifanya kazi kuanzia 1906 hadi 1936. Kilichoilemea ni wingi wa mashine zinazozunguka, kila moja ikidai matunzo yake.

Kilichokosekana ni vali: kifaa cha kupitisha mkondo upande mmoja tu, kwa volteji kubwa, bila mashine ya kuzunguka, ili mkondo geu ugeuzwe kuwa mnyoofu. Vali za zebaki zilikuwepo tangu mwanzo wa karne ya 20. Ndani ya chombo kisicho na hewa, mkondo ulipita katika mvuke wa zebaki kutoka anodi (ncha ya kuingilia) kwenda kathodi (ncha ya kutokea) na ukazuiwa kurudi. Volteji ilipozidi, kizuizi kilivunjika, mkondo ukarudi kinyume, na mtambo ukazimika. Mwaka 1929 kijana wa Sweden, Uno Lamm, mhandisi wa kampuni ya ASEA aliyekuwa na umri wa miaka 25, alipata hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, ya wazo lake: kuweka elektrodi (vipande vya kupitishia umeme) kadhaa kati ya anodi na kathodi, ili volteji igawanywe kama mzigo unaobebwa na watu wengi. Wazo lilikaa kwenye karatasi mwaka 1929. Laini ya kwanza ya biashara yenye vali hizo iliwashwa mwaka 1954. Kati ya miaka hiyo miwili kuna robo karne ya vali zilizoharibika, zikabadilishwa, zikajaribiwa tena. Hiyo robo karne ndiyo ninayotaka uiheshimu, maana kwenye kitabu chako imepewa mstari mmoja.

Laini hiyo ilitoka Sweden bara hadi kisiwa cha Gotland, megawati 20 kwa kilovolti 100, kwa kebo ya baharini ya karibu kilomita 100. Kwa nini baharini? Kebo iliyolazwa majini hufanya kazi kama kapasita ndefu, kifaa cha kuhifadhi chaji. Mkondo geu huijaza chaji na kuiondoa tena na tena kila sekunde, na kebo ikiwa ndefu mno, uwezo wake wote huishia kwenye kujaza na kuondoa, usibaki wa kumfaa mtu ng'ambo. Mkondo mnyoofu huijaza mara moja tu. Kwa hiyo kule hakukuwa na ushindani wa bei kati ya mikondo miwili. Kwa umbali ule mmoja ulikwama na mwingine ukapita. Baadaye thairista za silikoni, vali ndogo zisizo na mvuke, zilichukua nafasi ya zebaki. Kituo cha Eel River, Kanada, mwaka 1972 kilikuwa cha kwanza kujengwa kwa thairista tupu.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi. Mwaka 1982 Zaire, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo, ilikamilisha laini ya kutoka bwawa la Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, hadi Kolwezi, huko Katanga ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mjini na ya migodini. Ni kilomita 1,700 kwa kilovolti 500, na wakati huo hakukuwa na ndefu zaidi yake duniani. Umeme ulikwenda kwenye migodi ya shaba. Vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya hizo viliendelea kuwasha koroboi. Fizikia inachangia hapo: ili kuchota umeme katikati ya laini ya mkondo mnyoofu, lazima ujenge kituo kingine kizima cha kuugeuza kuwa mkondo geu, chenye vali na vidhibiti vyake. Lakini fizikia haikuamua peke yake. Katanga ilikuwa na mito na mitambo yake, na iliwahi kujitenga mwaka 1960. Wachambuzi wengi wanaona kwamba serikali ya Kinshasa ilitaka swichi ya migodi ikae mbali na Katanga, nami nakubaliana nao.

Msumbiji nao: umeme wa bwawa la Cahora Bassa husafiri kwa mkondo mnyoofu kilomita 1,420 hadi Afrika Kusini, na Maputo hupata umeme kupitia gridi ya huko huko Afrika Kusini.

Yetu ina kilomita 1,045 kutoka Wolaita Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, kilovolti 500, uwezo wa megawati 2,000. Kenya ilianza kununua megawati 200 mwaka 2022. Ukipita Suswa utaitambua: kila mnara unabeba mafungu mawili ya nyaya, moja kila upande, tofauti na laini inayotoka Loiyangalani, yenye nyaya za mkondo geu zinazokwenda tatu tatu. Laini hiyo ya Ethiopia hupita Marsabit, ambako maboma mengi hayana stima.

Umesema unatafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho. Soma habari za Corsica. Laini ya Italia ya kwenda Sardinia ilipita juu ya kisiwa hicho tangu miaka ya 1960 bila kukipa kitu, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 kilipojengwa kituo kidogo cha megawati 50 pale Lucciana. Piga hesabu ya kituo cha namna hiyo Marsabit. Anza na swali gumu kabisa: hitilafu ikitokea upande wa kituo kidogo, utaizuiaje isiyumbishe laini nzima? Niletee hesabu zako hata kama hazijakamilika, tukae nazo mezani.

Baba yako anakusalimu. Shosho anauliza utakuja lini.

Mama