Barua kwa Zuhura kuhusu milioni ya Mjomba

Tabata, Dar es Salaam
Aprili

Kwako rafiki yangu mpenzi Zuhura,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Mama Mkubwa pamoja na wanafunzi wako, ambao nasikia mwaka huu wamejaa darasani hadi wengine wanakaa chini. Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha, na Shangazi anakusalimu ingawa bado anazidai sahani zake. Uniwie radhi kwa kuzifupisha salamu, kwa sababu jambo lililonifanya niandike halingoji, na si la kuzungumzwa kwenye simu, maana unafahamu kwamba simu ya Mama hufunguliwa spika wakati wote na Mjomba hakai mbali nayo.

Juzi Mwanaidi alinipigia kunijulisha kwamba Jumamosi ijayo Mjomba ameitisha kikao cha ukoo, na ajenda yake, tukiviondoa visingizio, ni mshahara wangu. Unakumbuka siku ya dua alivyoichukua barua yangu ya ajira, akavaa miwani, akasoma mbele ya watu "shilingi milioni moja kwa mwezi", kisha akarudia kwa sauti kubwa zaidi ili waliokuwa jikoni nao wasikie. Tangu siku hiyo mimi huko Muheza ni mtu wa milioni, na mipango imekwishapangwa kwa kadiri ya milioni hiyo: nyumba ya Mama iezekwe mabati mapya kwa mkopo wa benki nitakaouchukua mimi, mahitaji ya Hamza ya kidato cha tano yawe juu yangu, na yule kijana wa Mjomba anayetaka kwenda chuo cha ufundi naye aandikwe upande wangu. Sina ubishi na jambo lolote kati ya hayo kwa upande wa haki yake. Ubishi wangu ni wa hesabu, na hesabu hiyo ndiyo ninayokuomba umfikishie Mama kabla ya Jumamosi, mkiwa wawili tu.

Ndani ya bahasha utaikuta nakala ya slipu yangu ya mshahara. Wewe huna haja ya kufundishwa kuisoma, ingawa ya kwako ya serikalini ina mistari tofauti, kwa kuwa ninyi PSSSF, mfuko wenu wa pensheni, inawakata asilimia 5 na mwajiri anaongeza 15, ilhali mimi wa kampuni binafsi nakatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wetu wa pensheni, na mwajiri anaweka 10 nyingine. Katika ile milioni, basi, laki moja inakwenda NSSF. Kodi ya mapato haitozwi kwenye milioni nzima bali kwenye laki tisa zinazobaki baada ya mchango huo, na kwa viwango vilivyopo inafika shilingi 103,000. Kisha unafuata mstari wa Bodi ya Mikopo, iliyonikopesha nilipokuwa chuoni, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambao ni shilingi 150,000 kila mwezi. Kinachoingia kwenye akaunti yangu ni shilingi 647,000, na nimepiga mstari mwekundu chini ya tarakimu hiyo ili Mama aione hata asipokuwa na miwani.

Huo mstari wa Bodi nakuomba uueleze kwa subira, kwa sababu nyumbani wote wanaamini kwamba serikali ilinisomesha na kwamba mambo hayo yaliishia siku ya mahafali. Wanaona majina ya Bodi, NSSF na TRA ya kodi kama maneno ya mtu anayetafuta pa kujificha. Mwambie kwamba ninadaiwa milioni tisa na kitu, kwa hiyo hata kila kitu kikienda sawa makato haya nitakuwa nayo kwa zaidi ya miaka mitano. Waliotutangulia walikatwa asilimia 8 mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, nasi tumekutana na hii 15. Afadhali ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, vinginevyo deni lingekuwa linakua huku ninalipa.

Sasa nije kwenye mgawanyo wenyewe. Kazini kuna kijana mmoja anayesambaza ile kanuni ya mitandaoni inayosema kwamba asilimia 50 ya mapato iende kwenye mahitaji, 30 kwenye matamanio na 20 kwenye akiba. Niliisoma mara nyingi nikitafuta mahali ambapo Mama ameandikwa, nikakosa. Hayumo katika mahitaji, kwa kuwa aliyeitunga alikuwa akifikiria nyumba ya mlipaji mwenyewe, na kumweka katika matamanio ni kumtukana. Wenzangu wengi wa hapa ofisini hufanya hivyohivyo bila kujua, maana hupanga kodi, nauli na bando kwa uangalifu mkubwa, kisha mambo ya nyumbani wanayaacha yawe ajali, na ajali hiyo hutokea kila mwezi, mara msiba, mara mbolea, mara mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shuleni, hadi kufika tarehe 15 mtu anaanza kuzikwepa simu za mama yake mzazi. Mimi sitaki kufika huko, Zuhura. Ndiyo maana fungu la kwanza kabisa nililoliandika, kabla ya chakula changu mwenyewe, ni la nyumbani: shilingi 120,000, kila mwezi mara tu mshahara unapoingia, pamoja na ya kutolea.

Najua Mjomba atasema hicho ni kiasi cha kumdhalilisha mtu wa milioni. Lakini wewe umekulia kwenye michungwa kama mimi, na utaelewa ninakokwenda. Mnunuzi hufika machungwa yangali mabichi, akatembea kati ya miti akikadiria kwa macho, akataja bei ya shamba zima, na mwenye shamba akakubali, si kwa sababu bei ni nzuri bali kwa sababu dukani kuna deni. Yakishaiva na magari ya Dar es Salaam na ya Kenya yakaanza kupanga foleni, faida inakuwa ya yule aliyeweza kungoja. Mama ameuza namna hiyo miaka yote niliyokuwa chuoni, na kila mara nilipopiga simu kuomba nauli nilijua kuna miti imekwenda. Kwa hiyo anachokosa Mama si fedha nyingi za mara moja, anakosa fedha ndogo ya uhakika inayoweza kumvusha hadi msimu. Akiwa na hakika kwamba mwisho wa mwezi sukari, unga, mafuta na deni la dukani vina mahali pa kutoka, anaweza kumwambia yule mnunuzi arudi machungwa yakiwa manjano, na akiuza kwa bei ya manjano misimu miwili mfululizo, mabati yatanunuliwa na shamba lenyewe bila mimi kutia sahihi benki. Hili ndilo hasa ninalotaka alisikie kutoka kwako, kwa kuwa likitoka kwangu litasikika kama mtoto anayekwepa.

Kuhusu mkopo nimeupigia hesabu ili nisionekane kuukataa kwa uvivu. Milioni tatu kwa miaka miwili, kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, ni makato ya karibu shilingi 147,000 kila mwezi, na hadi mwisho nitakuwa nimerudisha zaidi ya milioni tatu na nusu. Nikiyaweka juu ya makato ya Bodi nitabaki na laki tano za kuishi Dar es Salaam, na fungu la kwanza kuguswa litakuwa hilohilo la Mama. Ataezekewa nyumba kisha arudi kuuza machungwa mabichi. Isitoshe, mimi bado niko katika miezi sita ya majaribio, na sioni busara ya kufunga mkataba wa miaka miwili na benki wakati mwajiri mwenyewe hajamaliza kunipima. Mwanaidi, kwa nia njema, alinishauri nichukue angalau mkopo wa kwenye simu ili Jumamosi isipite kwa aibu. Nilimkumbusha kwamba Benki Kuu ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo ya aina hiyo mnamo Novemba 2024 kwa kukosa leseni, na kwamba kausha damu, hiyo mikopo ya riba ya kuumiza, haina mjomba wala shangazi. Alinyamaza, ila sidhani kama alikubali.

Mafungu mengine nitakutajia kwa kifupi, kwa sababu naona Mama naye atayauliza. Nauli na chakula cha mchana kwa mama ntilie vinakula elfu tano kwa kila siku ya kazi, hivyo ni kama shilingi 110,000. Kwa Shangazi nachangia 130,000 ya chakula, gesi na umeme, naye hapokei bila kunung'unika kwanza kwamba mimi si mpangaji. Bando ni elfu ishirini. Laki moja naiweka kando kwa ajili ya chumba, kwa sababu siwezi kulala sebuleni kwa watu hadi nizeeke, na chumba nilichokiona, chenye choo ndani, ni 120,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo na dalali anataka ya mwezi mmoja, jumla 840,000 kabla sijanunua hata pazia. Akiba ni elfu themanini, ambazo nazipeleka Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ule wa uwekezaji wa pamoja, kwa kuwa naweza kuzitoa ninapozihitaji bila kusubiri muda maalumu uishe. Na akiba hiyo, Mama ajue, ndiyo ya ugonjwa, wangu au wake, na si ya kitu kingine chochote, hata kamati ya harusi ije imevaa sare.

Kwa Hamza nimetenga elfu arobaini mwezi huu, Mei na Juni. Ada ya kidato cha tano na cha sita imefutwa tangu mwaka 2022, jambo ambalo Mjomba hulitaja kila mara kana kwamba limemaliza kazi, lakini fomu ya kujiunga ina godoro, shuka, ndoo, jembe na sare, na hatujui atapangiwa mkoa gani. Hizo 120,000 hazitatosha zote. Kitakachopungua naomba Mjomba mwenyewe akiongeze, na hilo pia nakuachia wewe utafute namna ya kulisema. Kuhusu kijana wake wa chuo cha ufundi sina fungu, na nimeona ni heshima zaidi kusema sina kuliko kuahidi.

Ukijumlisha utaona kinabaki elfu arobaini na saba cha sabuni, nguo, nywele na michango. Michango, Zuhura! Nimeunganishwa katika makundi ya harusi ambayo mengine siwajui hata maharusi, na katika kundi moja mwekahazina aliniandikia ahadi ya laki moja bila kuniuliza, kwa maelezo kwamba "yuko Dar na anafanya kazi". Siku hizi siahidi. Natoa elfu kumi siku hiyohiyo na kuwatakia heri. Rehema ameninunia, lakini harusi ya Rehema ni habari ndefu na naiacha.

Jambo moja bado linanisumbua, nalo linanirudisha kwa Mama. Hizi 120,000 zikipitia kwenye simu yake, Mjomba atajua siku zinapoingia, na zitakuwa na mipango kabla hazijafika dukani. Nimefikiria kuzigawa, 70,000 ziende kwa Mama mwenyewe na 50,000 nikutumie wewe ulipe moja kwa moja pale dukani kwa Mpemba, lakini naogopa kukutwika mzigo, na naogopa zaidi Mama asije akadhani simwamini. Pengine ingekuwa bora kwenda mwenyewe, ila ruhusa ya majaribio unaijua.

Sasa nijibu. Wewe ulipoanza kazi, ulimwambiaje Mama Mkubwa kuhusu makato, na alikuamini siku ileile au baadaye? Je, unaona 120,000 ni kiasi ninachoweza kukishikilia mwaka mzima, au nianze na laki moja ili nisije nikapunguza katikati ya njia? Yule mnunuzi wa machungwa amekwishapita mwaka huu, na kama amepita, Mama amepokea kishika uchumba au bado? Mabati yaliyopo yanavuja kweli, au ni maneno ya kikao? Hilo la duka la Mpemba unalionaje? Na je, unaweza kwenda kwa Mama Alhamisi baada ya alasiri, saa ambazo Mjomba huwa kwenye bao?

Nijibu kwa ujumbe mfupi ukishaonana naye, kabla ya Ijumaa usiku, ili nijue nitakachosema Mjomba atakaponipigia kutoka kikaoni. Slipu mwonyeshe Mama tu, kisha uondoke nayo.

Wako akupendaye,
Mwanahawa