Muuza rafu atuambie inabeba kilo ngapi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa ukurasa wenu wa barua, manake kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwezi wa tatu na naona watu wengi hapa Kisumu wanaelekea kule kule nilikopatia hasara. Mimi hufuga samaki wa mapambo, goldifishi na gapi, nawauzia watu wa maofisi na wa nyumbani, na kwa vile sebule ilikuwa imejaa nikaamua kuhamishia tangi zote gereji, gari ikaanza kulala nje. Nikaingia duka moja hapa mjini nikanunua rafu ya chuma ya ngazi nne, zile za kufunga na bolti, muuzaji akaniambia mama hii ni hevi duti hata injini inabeba. Sikuuliza kilo ngapi. Yeye pia hakusema, na kwa rafu yenyewe hakukuwa na stika wala karatasi ya kuonyesha.

Ilikaa siku nne. Usiku wa tano nikasikia mlio kama mtu amegonga geti na nyundo, kufika gereji bati la ngazi ya pili limebonyea katikati, tangi la futi tatu limepasuka chini, maji yamefika hadi mlango wa jikoni na ile ekstensheni ya stima iko sakafuni ndani ya maji. Kijana wangu wa miaka tisa alikuwa amenifuata nyuma miguu mitupu. Nilimrudisha mbio nikaenda kuzima mein swichi, na mpaka leo nikikumbuka hiyo dakika mwili unasisimka. Samaki nilihesabu asubuhi, 41 walikuwa wamekufa, lakini hao si kitu nikifikiria mtoto.

Sasa hesabu yenyewe, ambayo ningeifanya mapema haya yote hayangetokea. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la futi nne, upana futi moja na nusu na kimo futi moja na nusu, linashika karibu lita 255, hiyo ni zaidi ya mitungi 12 ya lita 20. Ongeza kioo chenyewe, kikiwa cha milimita 10 ni kama kilo 50, ongeza changarawe na mawe ya kupamba, unajipata kwa kilo 340 hivi, yaani karibu mifuko saba ya simiti imepangwa kwa ngazi moja na haitoki hapo usiku na mchana mwaka mzima. Yule kijana anayesukuma mkokoteni wa maji kule Nyalenda anajua huu uzito kwa mabega yake, lakini sisi tukiona samaki wanaogelea ndani ya kioo tunasahau kabisa kwamba hayo ni maji.

Na hata ukipata rafu imeandikwa kilo, uliza kama ni za kila ngazi ama ni za rafu nzima, tena ujue hiyo namba ni ya mzigo uliotandazwa sawasawa na rafu imesimama mahali tambarare. Sakafu za gereji zetu nyingi hazijalala sawa, fundi huzimwaga zikiteremka kidogo kuelekea mlangoni ndio maji ya mvua yatoke, kwa hivyo miguu miwili inabeba zaidi ya ile mingine, rafu inaanza kujipinda polepole na kioo nacho hakipindiki, kinapasuka tu. Weka pimamaji kwa marefu na kwa upana, na ukiinua mguu tumia kipande cha chuma, usitumie katoni iliyokunjwa, manake hiyo italowa na kubonyea.

Baadaye nilienda kwa fundi wa kuchomelea, mzee mmoja wa jua kali, na kitu cha kwanza aliniuliza ni mama unaweka nini na ni lita ngapi. Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo. Akanitengenezea stendi ya ngazi mbili tu, skwea tyubu, yaani bomba la chuma la pembe nne, ya inchi mbili yenye unene wa milimita 3, vyuma vya juu vimekalia miguu moja kwa moja sio kuning'inia kwa bolti pembeni, nyuma akaweka chuma cha mshazari ndio isiyumbe, halafu tukaifunga kwa ukuta. Akapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili. Tangi kubwa liko chini, madogo juu, na kati ya tangi la chini na ngazi ya juu nimeacha futi moja nzima ya kuingiza mkono na neti. Bei ilizidi ile ya rafu ya duka karibu mara mbili, sitaficha, lakini ukijumlisha tangi lililopasuka na samaki nilikuwa nimeshalipa zaidi ya hiyo.

Mwenye hana pesa ya chuma, mbao pia inafaa sana ikifanywa vizuri. Ile ya inchi 4 kwa 2 ukiisimamisha kwa ubavu wake inakuwa ngumu kupinda mara nne kuliko ukiilaza, ni mbao ile ile na pesa ile ile. Hakikisha iko juu ya miguu, msumari peke yake usibebeshwe mzigo. Juu weka plaiwudi nene uipake vanishi kila upande. Chipbodi wachana nayo kabisa, maji yakiigusa inafura kama mkate kwa chai. Na kama tangi lako halina fremu chini, tandika ile povu nyeupe ngumu inayokuja kwa katoni ya tivii, inameza vile vijinundu vidogo ambavyo huanzisha ufa.

Kabla ya kutia samaki jaza robo, pima na pimamaji, jaza nusu, pima tena, halafu likijaa uliache siku mbili tatu. Soketi ziwe juu ya kimo cha maji na waya uning'inie kwanza chini kabla ya kupanda hadi kwa soketi, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni. Hii ya stima naomba sana wazazi waisome mara mbili.

Ombi langu kwa wenye maduka ya rafu, hapa Kisumu na hata Nakuru na Kakamega, ni dogo. Chukua maka pen, andika kwa kila ngazi inabeba kilo ngapi, na kama hujui mwambie mteja hujui aende kwa fundi. Neno hevi duti halina kilo ndani yake. Na serikali ya kaunti ikikagua mizani sokoni, naomba wale maofisa wapitie pia huku kwa rafu.

Msomaji wenu,
Mamboleo, Kisumu