Barua ya Kufunga Muhula: Pongezi kwa Watoto, na Maneno Mazito Kabla ya Halloween

Columbus, Ohio
25 Oktoba 2025

Ndugu wazazi na walezi,

Poleni na kazi, na hongereni kwa kuumaliza muhula. Najua wengi wenu huwaleta watoto kwenye shule yetu ya Kiswahili Jumamosi asubuhi mkiwa mmetoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku. Walimu wanaliona hilo na wanawashukuru.

Tamasha la wiki iliyopita limeniacha na furaha ambayo bado haijaisha. Tuliwaambia watoto waje wamevaa kama wahusika wa hadithi zetu, na walivaa kweli kweli: Abunuwasi na punda wake wa maboksi, sungura wa kila kimo, fisi aliyechechemea ukumbi mzima, na Mekatilili wa Menza, shujaa wa Wagiriama, aliyevaa sketi ya hando aliyofungwa na bibi yake mwenyewe. Darasa la pili walitoa ngonjera nzima bila karatasi mkononi. Kisha Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi, akapiga goti, sindano ya shaba ikiwa kitovuni, upinde umevutwa, na hakuna aliyekohoa. Hawa ni watoto waliozaliwa Ohio. Wengi wao hawajawahi kuiona pwani, lakini walikisema Kiswahili kwa lafudhi ya nyumbani, na wazee waliokaa safu ya mbele walifuta machozi. Hongereni sana, wanangu.

Ripoti zimo kwenye mikoba. Zisomeni, mtie sahihi.

Ijumaa ijayo, tarehe 31, ni Halloween, usiku ambao watoto huvaa mavazi ya maigizo na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Zipo familia zinazotoka na zipo ambazo dini yao haiwaruhusu, na shule haiingilii uamuzi wa nyumba ya mtu. Asiyeshiriki azime tu taa ya nje mlangoni. Watoto wa mtaa wanaijua ishara hiyo, watapita. Lakini usalama wa usiku ule unamhusu kila mmoja wetu, hata asiyenunua pipi moja.

Wiki nzima kundi letu la WhatsApp limejaa habari za pipi zenye sumu. Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, amezichunguza habari za namna hiyo kuanzia mwaka 1958, na hajapata hata tukio moja lililothibitishwa la mtoto kuuawa na pipi aliyopewa na mgeni mlangoni. Mtoto aliyekufa kwa sumu huko Texas mwaka 1974 alipewa na baba yake mzazi, aliyetaka fedha za bima. Kagueni pipi, sawa. Iliyofunguka itupwe, mwenye mzio wa karanga asomewe karatasi yake, na mdogo wa chini ya miaka minne asipewe pipi ngumu, itamkaba. Hayo yakiisha, hofu yenu ielekezeni barabarani.

Watafiti wa Kanada walipitia ajali za Marekani za miaka 42, kuanzia 1975 hadi 2016. Waligundua kuwa vifo vya waenda kwa miguu jioni ya Halloween vilizidi jioni za kawaida kwa asilimia 43, na walioongezewa hatari zaidi ni watoto wa miaka minne hadi minane. Hapa kwetu siku hiyo jua litazama kwenye saa kumi na mbili na nusu, wakati watoto wamejaa njiani na baadhi yenu mnawahi zamu. Mnaoendesha, punguzeni mwendo mitaani. Wanaotembea wawe na mtu mzima na tochi, na utepe unaoakisi mwanga ubandikwe mgongoni. Vinyago viacheni, mtoto aliyevaa kinyago haoni gari linalotoka ubavuni. Mpakeni rangi usoni.

Mishumaa pia iacheni. Kwenye tamasha, mzazi mmoja kwa nia njema alileta boga lililochongwa na mshumaa unaowaka ndani. Pindo la kanga ya mtoto lilipita juu yake mara mbili kabla mwalimu hajaliondoa. Taa ndogo za betri zinauzwa kila duka.

Sasa jambo lililoniudhi. Siku hiyo hiyo, mwanafunzi wa darasa la juu alikuja na bastola ya plastiki chini ya kanzu. Ncha yake ya rangi ya chungwa, inayoonyesha kuwa ni ya kuchezea, ilikuwa imepakwa nyeusi. Niliichukua, na jioni nikapigiwa simu nikaambiwa, "Mwalimu, mbona unakuza mambo, ni mchezo wa watoto."

Mzazi mwenzangu, Cleveland ni mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka hapa. Tarehe 22 Novemba 2014, Tamir Rice, mtoto mweusi wa miaka 12, alikuwa akichezea bastola ya bandia bustanini, isiyo na ncha ya chungwa. Aliyepiga simu polisi alisema huenda si ya kweli. Gari la polisi lilifika, na ndani ya sekunde mbili hivi mtoto alikuwa amepigwa risasi. Akafariki kesho yake. Watoto wetu wanafanana naye, na gizani hakuna atakayesimama kuuliza kama mwanao ni mpole.

Kwa hiyo silaha ya bandia ya aina yoyote ni marufuku shuleni, na nawasihi isionekane Ijumaa pia. Bastola ile nimeifungia kabatini. Mzazi aje mwenyewe tuzungumze, simu haitoshi.

Na waambieni watoto wakubwa wasikatize uani kwa mtu wala kugonga nyumba isiyo na taa. Yoshihiro Hattori, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16, alikosea nyumba akienda kwenye sherehe ya Halloween huko Baton Rouge mwaka 1992. Mwenye nyumba alimpiga risasi, akafa.

Ada: zipo familia zinazodaiwa mihula miwili na hazipokei simu za mhasibu. Mwenye ukumbi hangoji, na walimu hawa hawalipwi hata nauli. Aliyekwama aje aseme, tutapanga. Anayekaa kimya, mtoto wake hataandikishwa muhula ujao.

Saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, kama kila mwaka majira haya, Jumapili, tarehe 2 Novemba. Siku hiyo jaribuni kengele za moshi. Tunafungua Jumamosi, tarehe 8, saa tatu kamili asubuhi.

Wenu katika kazi,
Mwalimu Mkuu